Mashini kati ya majoka: historia ya mchezo wa kusimulia uliochanganya nyakati

Ndugu wasomaji, pamoja nanyi mnaosomewa makala hii kwa sauti kwa sababu simu ni moja na watu ni kumi, leo tunaweka pembeni habari za barabara na bei ya unga. Tutasema juu ya mchezo.

Si mchezo wa mpira, wala wa karata, wala ule wa kwenye simu. Watu wanne, watano au sita wanakaa mezani, ama chini kwenye mkeka kama meza haipo. Mmoja wao ni msimulizi. Anawaambia wenzake: mmefika mbele ya pango, ndani kuna giza, mnasikia maji yanatiririka, mnafanya nini? Kila mmoja wa wale wengine ana mtu wake ndani ya hadithi: huyu ni askari, yule ni mganga, mwingine ni mwizi. Anasema mtu wake anafanya nini, na msimulizi anamjibu kilichotokea. Kukiwa na shaka, kwa mfano kama mwizi ataruka shimo au ataanguka ndani, wanatupa dadu. Ni sawa na hadithi ya bibi jioni, ila hapa wasikilizaji wanaruhusiwa kuingia ndani na kuiharibu.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka mwaka wa 1974, nakala 1,000 tu mara ya kwanza, vitabu vitatu vidogo ndani ya sanduku. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alikaa Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani. (Tusichanganye na Geneva ya Uswisi, ile ya mikutano ya Umoja wa Mataifa ambayo jina lake tunalisikia kila siku redioni.) Ni mchezo wa panga, ngome, majoka na hazina za chini ya ardhi.

Neno moja kabla ya kuendelea. Katika michezo hii kuna watu wanaotupa moto kwa maneno na kuruka bila mabawa. Kwetu neno "uchawi" ni zito. Kuna wazee na watoto waliopigwa na kufukuzwa nyumbani juu yake. Kwa hiyo hapa nitaandika "nguvu za ajabu", maana yake nguvu za ndani ya hadithi, basi. Hata Marekani, katika miaka ya 1980, kulikuwa na wahubiri na wazazi waliodai kwamba mchezo huu unafundisha watoto ibada za shetani. Wachezaji waliendelea kutupa dadu zao.

Sasa, kuna ubishi wa zamani kati ya wachezaji. Wamoja wanasema hadithi ya panga na majoka isiwekwe roboti wala bunduki ya mwanga, kwamba mashini inaharibu ladha, kama kutia sukari ndani ya sombe. Wengine wanasema vyote vinakaa pamoja. Historia iko upande wa hawa wa pili: mashini zilikuwamo tangu mwanzo. Lakini mimi naona wote wawili wanabishania jambo dogo. Kubwa ni hili: ndani ya hadithi, nani anaijua mashini, imetoka wapi, na nani amewekwa mbele yake kama mjinga?

Tuanze na Arneson. Alikuwa kijana wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, mpenzi wa michezo ya vita ambapo watu wazima wanapanga askari wadogo wa bandia mezani na kurudia mapigano ya zamani, ya Warumi au ya Napoleon. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, katika mchezo wa vita vya kale, alimpa kuhani mmoja bunduki ya mwanga ya Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya safari za angani, na kuhani akamwangusha tembo wa vita wa upande wa pili. Fikirini wenyewe mwenye tembo alisema nini.

Kutoka michezo ya namna hiyo Arneson aliunda nchi yake ya kubuni, Blackmoor, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla Dungeons & Dragons haijachapishwa. Mwaka wa 1975 kampuni ya Gygax, TSR, ilitoa kitabu chenye jina la nchi hiyo. Ndani yake mna kisa kiitwacho Temple of the Frog, yaani Hekalu la Chura, kinachohesabiwa kuwa kisa cha kwanza kuchapishwa kwa ajili ya mchezo huu. Kiongozi wa hekalu anaheshimiwa na wafuasi wake kama mtakatifu mwenye nguvu za ajabu. Msimulizi peke yake ndiye anayejua siri: mtu huyu ni mgeni kutoka ulimwengu mwingine, na miujiza yake ni vifaa. Ana vazi la vita na chombo cha kuzungumza na wenzake walio mbali. Mtu anayeshika kifaa ambacho wengine hawakijui, akanyamaza kusudi wamwite mtakatifu. Mshikeni huyo, tutarudi kwake.

Mbona ilikuwa rahisi hivyo kuchanganya? Kwa sababu vitabu walivyosoma vilikuwa vimechanganyika tayari. Mwaka wa 1979 Gygax alichapisha orodha ya waandishi waliomlea. Yumo Jack Vance, ambaye kitabu chake The Dying Earth cha 1950 kinaeleza dunia ya wakati ujao wa mbali sana, jua limezeeka, watu wamesahau karibu elimu yote ya zamani. Kwake Gygax alichukua sheria maarufu ya mchezo: mwenye nguvu za ajabu anayashika maneno kwa moyo, na akishayatumia mara moja yanafutika kichwani. Kwa maneno mengine, ile sehemu ya mchezo ambayo wengi wanaiona kuwa ya kale kabisa ilitoka katika hadithi ya wakati ujao. Yumo pia Edgar Rice Burroughs, aliyeandika vita vya panga katika sayari ya Mars, na viumbe wake walitajwa katika vitabu vile vya 1974 pamoja na roboti. Huyo huyo ndiye baba wa Tarzan. Aliandika juu ya misitu ya Afrika bila kufika Afrika hata siku moja, na inaonekana.

Mwaka huo wa 1975 TSR ilitoa pia mchezo wa profesa mmoja wa chuo kikuu cha Minnesota, M.A.R. Barker, mtaalamu wa lugha za Asia ya Kusini. Unaitwa Empire of the Petal Throne, na sayari yake inaitwa Tékumel. Kisa chake kinasikitisha vizuri. Binadamu walifika huko na vyombo vya angani, wakawasukuma wenyeji pembeni, wakajenga. Halafu janga likatokea: sayari nzima ikatumbukia mahali pasipo na nyota. Usiku mbingu ni nyeusi tupu. Hakuna chombo kinachotoka nje tena, hakuna vipuri, na sayari yenyewe ni maskini kwa chuma, hata mavazi ya vita yanatengenezwa kwa ngozi ya mnyama. Maelfu ya miaka yakapita. Mashini za mababu ziko chini ya ardhi, na watu wanazitafuta bila kujua ni nini. Mtu yeyote aliyeona jenereta ya kituo cha afya ikilala miaka juu ya kipuri kimoja atalielewa wazo hili haraka kuliko profesa wa Marekani.

Lazima niseme jambo lingine juu ya Barker. Alifariki mwaka wa 2012, na mwaka wa 2022 taasisi inayotunza kazi zake ilikubali hadharani kwamba mwaka wa 1991 alichapisha, kwa jina la uongo, riwaya ya kuwatukuza Wanazi. Sisi tunajua maneno ya chuki ya kabila yanafika wapi. Sisemi mtu asiguse mchezo wake. Nasema ni haki ya mlaji kujua mpishi.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho wachezaji wazee hawakisahau. Mwaka wa 1976 James M. Ward aliandika Metamorphosis Alpha, mchezo wa chombo cha angani kikubwa mno, kinachoitwa Warden, kilichobeba vizazi vya watu. Mionzi iliua wengi na kuwageuza wengine. Wajukuu wa waliobaki hawajui kwamba wako ndani ya chombo. Kwao sakafu ndiyo ardhi. Mwaka ule ule Gygax, kusudi awaonjeshe wachezaji wa majoka ladha hiyo, aliandaa kisa cha mashindano kwenye mkutano wa wachezaji uitwao Origins. Kilichapishwa mwaka wa 1980 kwa jina la Expedition to the Barrier Peaks.

Kisa ni hiki. Viumbe wabaya wanatoka katika pango la milimani na kusumbua vijiji. Mashujaa wanapanda na panga zao na sala zao. Wanakuta mlango wa chuma laini, usio na kitasa. Nyuma yake kuna korido za mwanga usiotoka kwenye moto. Ni chombo cha angani kilichoanguka, lakini hakuna mtu ndani ya hadithi mwenye neno la kukiita hivyo. Milango inafunguka kwa kadi za rangi. Mwenye kadi ya cheo kidogo anaishia milango michache. Roboti bado zinalinda mahali ambapo mabwana wake walikufa zamani.

Uzuri wa kisa uko katika namna ya kujifunza. Pamoja na kitabu kuna kijitabu cha picha. Msimulizi hasemi "mmeokota bunduki". Anafungua picha na kusema: mnaona kitu hiki, kina uzito fulani, kina kitufe hapa. Mchezaji anaamua: nakigeuza, nakibonyeza, nakinusa. Halafu kuna mchoro wenye njia kama ramani ya vijia vya porini. Dadu inatupwa, kidole cha msimulizi kinafuata mistari; njia moja inafika kwenye kuelewa, nyingine inarudi nyuma, nyingine inaishia kwenye mlipuko usoni. Ukiwa na kichwa kizuri unafika haraka, lakini hata mwenye akili anaweza kujiua. Nimesoma michezo mingi iliyokuja baadaye na sijaona iliyoeleza vizuri zaidi ilivyo kushika kitu ambacho hujapewa maelezo yake. Gamma World ya 1978, ambayo Ward aliiandika na Gary Jaquet, ilitumia michoro ya aina hiyo pia.

Na kicheko mezani kinatoka wapi? Mchezaji wa Wisconsin anajua picha ile ni ya nini. Askari wake wa upanga hajui. Anamwona askari anatazama ndani ya mdomo wa bunduki, anacheka. Hakuna ubaya mtu kujicheka. Lakini kicheko hicho kina historia, na historia hiyo inapita kwetu.

Mwaka wa 1890, akiwa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, Mmarekani mweusi George Washington Williams aliandika barua ya wazi kwa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alikuwa mwanahistoria, amesafiri mtoni na kusikiliza watu. Kati ya mashtaka yake mna habari ya namna watu wa Stanley walivyopata saini za machifu. Alieleza kwamba betri za umeme zilizonunuliwa London zilifungwa mkononi chini ya koti, na utepe ukapita kiganjani. Chifu akisalimiwa, alishtuka karibu kuanguka, akaambiwa ndivyo mzungu alivyo na nguvu. Alieleza pia kioo cha kukusanya miale ya jua cha kuwashia sigara, huku chifu akiambiwa mzungu ni rafiki wa jua na anaweza kuliagiza lichome kijiji. Kwa hila kama hizo, alisema Williams, na kwa masanduku machache ya pombe, vijiji vizima viliandikwa kuwa mali ya mfalme. Mwaka uliofuata alifariki Uingereza, kabla ya kupata miaka 42.

Huyo ndiye mtakatifu wa Hekalu la Chura. Arneson hakusema kwamba alifikiria Kongo, na hakuna sababu ya kudhani hivyo. Lakini alimweka mtu huyo kuwa adui wa kisa, na hapo aliona sawa kuliko wengi waliomfuata. Katika kisa cha Gygax mashini imeanguka tu kutoka juu. Waliokufa ndani yake ndio wenye elimu, na wa mlimani hawana swali la kuuliza isipokuwa kitufe kiko wapi. Hakuna anayeuliza nani alichimba chuma chake. Sisi tunaotazama milima ya Rubaya, ambako vijana wanachimba coltan inayotoa tantali ya kutia ndani ya simu za dunia nzima, hatuwezi kuamini mashini iliyoanguka bila kuchimbwa.

Mwaka wa 1989 kampuni ya FASA ilitoa Shadowrun, na mambo yakageuka. Hapa si zamani inayookota mashini. Ni wakati ujao, mwaka wa 2050, unaorudiwa na nguvu za ajabu. Mji ni Seattle. Makampuni makubwa yana majeshi yao, na joka anaweza kuwa mkurugenzi. Sheria moja naipenda sana: kila kipande cha chuma unachowekewa mwilini, jicho la kamera au mkono wa mashini, kinakupunguzia uhai wako wa ndani, na kama una nguvu za ajabu zinapungua nazo. Ukipenda kasi ya mashini, utalipa.

Ndani ya hadithi hiyo wenyeji wa kwanza wa Amerika, waliofungiwa kambini na serikali, wanacheza dansi kubwa ya kiroho, volkano zinalipuka, na serikali inalazimika kusaini mkataba mjini Denver kuwarudishia sehemu kubwa ya ardhi. Dansi hiyo ilikuwapo kweli. Mwaka wa 1890, mwaka ule ule wa barua ya Williams, watu wa Lakota waliicheza wakitumaini wafu wao na ardhi yao vitarudi, na tarehe 29 Desemba jeshi la Marekani liliua mamia yao, wanawake na watoto pia, huko Wounded Knee. Mchezo uliandika upya mwisho wake. Wamoja wanaona ni heshima, wengine wanaona ni watu wa nje wanaopamba mchezo wao kwa msiba usio wao. Mimi niko katikati. Ila msomaji wa Goma atauliza swali la haki: volkano gani hiyo inayochagua wa kuchoma? Nyiragongo, mwaka wa 2002 na wa 2021, haikumwuliza mtu kabila.

Kisa cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike. Mwaka wa 2002 Wizards of the Coast, kampuni iliyoinunua TSR, iliwaita watu wote walete wazo la nchi mpya ya mchezo. Yalifika mapendekezo zaidi ya 11,000. Aliyeshinda ni Keith Baker, na nchi yake, Eberron, ilichapishwa mwaka wa 2004. Huko nguvu za ajabu zenyewe zimekuwa viwanda. Kuna treni inayokimbia kwa radi na meli za angani zinazobebwa na roho ya moto iliyofungwa ndani ya pete. Na zinategemea mawe maalumu yanayotafutwa chini ya ardhi na nchi za mbali, ambayo familia tajiri zinayagombania. Mwishowe mtu ameuliza mgodi uko wapi!

Eberron inaanza baada ya vita vya miaka mia moja. Vita hivyo vilizaa askari wa mbao na chuma, wenye akili na hisia, waliotengenezwa kiwandani kwa kazi moja tu. Mkataba wa amani uliwapa uhuru na kukataza kutengeneza wengine. Sasa wanatembea mitaani wakitafuta kazi, na watu wanawaogopa. Anayefahamu maisha ya kijana aliyeingizwa jeshini mtoto na kutolewa akiwa na miaka 17 hahitaji maelezo.

Lakini nchi moja, Cyre, haikufika kwenye mkataba. Siku moja, miaka miwili kabla ya amani, ukungu uliifunika yote na karibu kila aliyekuwa ndani alikufa. Waliookoka ni wale waliokuwa mipakani au nje. Nchi zingine ziliwapokea wamoja na kuwakataa wengine. Katika mji mkubwa wa Sharn wamesongamana mtaa wa High Walls. Kwingine walipewa kipande cha ardhi wakakiita Cyre Mpya, na mwana wa mfalme anayeongoza kambi kama ikulu. Kuna wanaorudi kwa siri ndani ya ukungu kutafuta vitu vya nyumbani. Huko jeraha haliponi lenyewe na maiti hazizeeki. Mchezaji anaweza kuchagua mtu wake awe wa Cyre. Baker na wenzake waliamua kwa makusudi kwamba kitabu hakitasema nani alileta ukungu, kama ni silaha mpya, nguvu za ajabu zilizowashinda wenyewe, au mashini. Kila kundi linaamua mezani kwake.

Vijana wamoja wa kambini wameniuliza dadu za pande 20 zinapatikana wapi, kwa sababu dukani kwetu kuna zile za pande sita tu. Mwaka wa 1979 TSR yenyewe iliishiwa dadu, ikauza masanduku yake yakiwa na vipande vidogo vya kadi vyenye nambari. Kateni kadi ya boksi la sabuni vipande 20, andikeni 1 hadi 20, tieni ndani ya kikombe, tikiseni, mtu achomoe kimoja bila kutazama. Kirudisheni ndani kabla ya mwingine kuchomoa.